Jinsi nilivyotatua michongo isiyolingana kina

Alhamdulillahi, limekwisha. Mafundi wenzangu, msipoteze mbao kama sisi hapa Lamu. Tulichora kifuniko kipya cha sanduku kwenye kompyuta, tukaichongesha mashine inayoongozwa na kompyuta hiyo, na sampuli ikatoka safi. Tulipoingia kutoa 40, maua mengine yalizama, mengine yakakwaruzwa juu juu. Nilibadilisha jino (ncha ya mashine inayokata mbao), nikapunguza kasi, nikachora upya: wapi!

Kumbe ubao mmoja ulikuwa na unene wa milimita 20, mwingine 18.6, na mashine ilishika sifuri (mahali inapoanzia kupima kina) ya ule wa kwanza. Sasa napiga randa zote. Kisha, kwa kila ubao, jino likiwa limesimama, halizunguki, nalishusha taratibu juu ya karatasi ya daftari huku naivuta. Ikianza tu kukwama, hapo naweka sifuri. Vifuniko vyote 40 vimelingana.