Tafakari ya Wiki: Tone la Maji ya Bwawa

Masomo: Zaburi 111:2, Ayubu 38:25–27

Wapendwa katika Bwana, amani iwe nanyi.

Mtunga zaburi anasema matendo ya Bwana ni makuu, yafikiriwa sana na wapendezwao nayo. Sisi huwa wepesi wa kusifu. Tunataja mbingu, milima na bahari kwa pumzi moja, tunasema amina, tunaendelea na shughuli. Lakini apendezwaye na kitu hukitazama, akakirudia, akataka kujua kinavyofanya kazi. Wiki hii tuitii zaburi hiyo kwa macho na mikono, kwa tone la maji ya bwawa na hadubini ya kawaida, ile ya shuleni yenye lenzi ya jicho ya mara 10 na lenzi za chini za mara 4, 10 na 40. Haihitajiki kubwa zaidi.

Kazi huanzia bwawani. Maji ya katikati, yaliyo maangavu, huwa na viumbe wachache. Chota pembeni penye mimea na majani yanayooza. Kamua mwani au mizizi ya mimea inayoelea ndani ya chupa ya kioo, halafu ongeza tope kidogo la juu kabisa, milimita chache tu, kwa sababu ukizama zaidi unakuta tope jeusi lisilo na oksijeni. Chupa ijae nusu, kifuniko kilegezwe. Chupa iliyojazwa hadi mdomoni, ikafungwa na kuachwa juani, hupata joto na kuishiwa hewa, na viumbe hufa kabla hujawaona. Penye kichocho usiingize mkono wala mguu majini. Funga chupa kwenye fimbo na uvae glavu.

Iache chupa itulie kivulini saa kadhaa. Wakaaji wake watajigawa wenyewe: wa kijani huelekea upande wenye mwanga, wengine hukaa kwenye tope, wengine chini ya utando wa juu. Chukua tone kutoka kila sehemu, kila moja kwenye slaidi yake, yaani kipande cha kioo cha kuwekea tone.

Tone liwe dogo. Kishike kile kioo chembamba cha kufunikia kwa kingo, ukiegemeze upande mmoja wa tone, kisha ukilaze polepole. Ukikiangusha, unafungia mapovu ya hewa, na mgeni wa hadubini hulishangilia povu kwa dakika nzima: ni duara kamili lenye ukingo mnene mweusi, wala halina kitu ndani. Tone likizidi, kioo huelea na viumbe hupanda na kushuka nje ya upeo wa lenzi.

Anza na lenzi ya mara 4, hata kama hamu inakusukuma kwenye ile ya 40. Kwa lenzi ya 4, pamoja na ile ya jicho, vitu vinakuzwa mara 40 na unaona eneo lenye upana wa takriban milimita 4.5, kwa lenzi ya 40 upana huo unabaki kama milimita 0.45, na kumtafuta kiumbe anayekimbia ndani yake ni kupoteza muda. Ukiwa unatazama kwa ubavuni, sogeza lenzi na slaidi zikaribiane. Kisha weka jicho na uzitenganishe taratibu kwa skrubu kubwa mpaka picha itulie. Anayefanya kinyume, akizikaribianisha huku jicho liko kwenye lenzi, huvunja kioo na pengine kukwaruza lenzi. Kwa lenzi ya 40 tumia skrubu ndogo peke yake. Ukisukuma slaidi kushoto, picha huenda kulia, mkono huzoea.

Kosa linalowanyima wengi baraka hii ni mwanga kuzidi. Viumbe hawa karibu wote ni angavu, mwanga unawapita kama hawapo. Punguza tundu la mwanga lililo chini ya jukwaa la kuwekea slaidi mpaka kingo za vitu zijitokeze. Hapo ndipo mtu aliyesema “hamna kitu” hunyamaza na kuinamia tena. Na kama hadubini yako hutumia kioo cha kuakisi, usikielekeze kwenye jua kamwe, maana miale yake huharibu jicho.

Sasa tumtazame paramesiamu, mwenye umbo la soli ya kandambili. Urefu wake ni robo milimita hivi, kwa hiyo kwenye lenzi ya 40 anachukua zaidi ya nusu ya upana wa eneo unaloliona. Mwili wake ni seli moja, umefunikwa na vinyweleo vinavyopiga kwa mawimbi na kumwendesha huku akijizungusha. Ana mbio. Mtulize kwa nyuzi chache za pamba zilizochambuliwa, uziweke ndani ya tone kabla ya kufunika. Atajikuta kwenye kizuizi, atarudi nyuma, atageuka, na hatimaye atatulia.

Akitulia, tazama karibu na kila ncha ya mwili wake. Utaona kifuko cha mviringo, kimezungukwa na mifereji myembamba iliyotawanyika kama miale. Mifereji hujaa, kifuko hutanuka, halafu ghafla hujibana na kutoweka, na baada ya sekunde chache huanza tena. Maji ya bwawa yana chumvi kidogo kuliko maji ya ndani ya mwili wake, hivyo yanaingia bila kukoma kupitia utando wake. Kazi ya vifuko hivyo ni kuyatoa. Vikisimama, atavimba na kupasuka. Tangu seli hiyo ilipoanza kuwepo, mchana na usiku, pampu hizo zimekuwa zikifanya kazi bila mtu kuzijua.

Hapo Ayubu 38 inasikika kwa nguvu mpya. Mungu anamuuliza Ayubu habari za mvua inyeshayo katika nchi isiyo na watu, jangwani ambako hamna mtu. Mvua hiyo haikuzi shamba la yeyote, na bado Mungu anaihesabu katika kazi zake. Ndivyo ilivyo kwa viumbe hawa. Mwanadamu hakuwa na habari zao mpaka Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, ambaye hakusoma chuo kikuu, alipotazama maji ya ziwa kwa lenzi aliyoisaga mwenyewe na kuwaandikia wanasayansi wa London mwaka 1674. Kabla yake walilishwa, wakazaliana, wakapendeza, bila shahidi wa kibinadamu. Tukiamini kwamba thamani ya kitu inatoka kwa anayekitumia, tone hili linatukemea.

Lakini tusipambe. Kwenye tone hilohilo utamwona kiumbe mmoja akimmeza mwenzake akiwa mzima. Na utaona kifo unachokileta wewe: taa inapasha slaidi joto, maji yanakauka pembeni, na baada ya dakika kumi au ishirini mawindo na mwindaji wanabanwa pamoja. Dondosha maji kidogo kwenye ukingo wa kioo kabla hayajaisha, na uzime taa unapoandika. Utunzaji tuliopewa unafika hadi hapo, kwa maoni yetu.

Rotifa naye, kiumbe mdogo sana wa majini, asikupite. Ana vinyweleo kichwani vinavyopiga kwa zamu mpaka vinaonekana kama magurudumu mawili yanayozunguka, na ndani ya mwili wake angavu taya zinasaga chakula mbele ya macho yako. Baadhi ya rotifa hukauka pamoja na tope la paa, kisha huamka wakipata maji. Wahubiri hupenda kumfanya mfano wa ufufuo. Tusifanye hivyo: rotifa huyo hakuwa amekufa, uhai wake ulikuwa umepunguzwa mno, na Pasaka haihitaji msaada wa aina hiyo.

Zoezi la wiki ni hili. Chagua kiumbe mmoja tu na umtazame dakika kumi kabla ya kutafuta jina lake. Mchore kwa penseli: umbo, vinyweleo, rangi, namna anavyogeuka. Pembeni andika ukuzaji, tarehe, na sehemu ya chupa alikotoka. Mchoro mbaya wenye maelezo sahihi ni bora kuliko mzuri wa kubuni. Ukimaliza, rudisha maji kwenye bwawa lilelile, si jingine, usije ukahamisha viumbe na magonjwa. Futa lenzi kwa karatasi laini ya lenzi, si kwa upindo wa nguo, unaobeba vumbi linalokwaruza. Nawa mikono kwa sabuni. Michoro tuilete kwenye ibada ijayo, na kila mmoja awe amesoma Ayubu 38 na 39 kwa sauti.