Kazi anayoifanya mgonjwa tukiwa hatupo

Usiku huu nimemaliza kunukuu mahojiano na mzee mmoja ambaye moyo wake umedhoofika. Kunukuu kunachosha. Unasikiliza sentensi, unasimamisha, unarudisha nyuma, unaandika, na bado kuna mahali pumzi inameza maneno. Nimeamua kuziandika pumzi zenyewe kwa alama, kila moja, kwa sababu namna anavyozungumza ni sehemu ya ugonjwa wake na sitaki msomaji wa utafiti amsikie kama mtu anayeongea kwa starehe. (Aliniruhusu kusimulia haya, na mambo kadhaa kumhusu nimeyabadilisha asitambulike.)

Kwenye faili lake kumeandikwa tena na tena kwamba hafuati masharti ya dawa. Nilimwomba anisimulie siku yake ya kliniki tangu anapoamka, akaanza na kidonge cha kutoa maji mwilini. Anakijua kidonge hicho kuliko wengi wa wanafunzi wangu wa uuguzi. Akikimeza, haipiti saa moja mkojo unaanza kumbana, na haumwachii hadi mchana. Safari ya kliniki ni ndefu na gari halisimami njiani. Akifika, kuna benchi la kusubiri, na akitoka kwenda msalani jina lake linaweza kuitwa akalikosa. Kwa hiyo asubuhi ya kliniki hamezi. Humeza alasiri akirudi, na usiku wake unaharibika kwa kuamka amka. "Sista," akaniambia, "kidonge nameza kila siku ya Mungu. Asubuhi ninayoiruka ni ile ya kuja kwenu tu."

Nilisimamisha kinasa sauti nikakaa kimya kidogo. Maana yake ni kwamba kliniki haijawahi kumwona katika siku yake ya kawaida. Inamwona asubuhi zile tu ambazo hajameza, na akiulizwa "Umemeza dawa leo?" anajibu ukweli: bado. Jibu hilo la kweli ndilo lililomjengea sifa mbaya. Aliyeuliza aliuliza vizuri, aliyejibu alijibu vizuri, na kilichobaki kwenye karatasi ni picha ya mtu mzembe. Kisha anayepokea zamu husoma karatasi kabla hajamtazama mwenyewe.

Kwa ruhusa yake nilizungumza na muuguzi wa kliniki, na daktari akakubali kwamba siku za safari kidonge kimezwe baada ya kurudi, mradi kisirukwe. Sasa imeandikwa hivyo. Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya dakika chache.

Mwaka 1985 muuguzi Juliet Corbin na mwanasosholojia Anselm Strauss waliandika kuhusu wanandoa wanaoishi na maradhi ya kudumu majumbani mwao. Walieleza kwamba kazi tatu zinakwenda pamoja humo ndani: kuuhudumia ugonjwa, kuendesha maisha ya kila siku, na kujijenga upya kama mtu ambaye sasa ana ugonjwa huo. Nimewafundisha wanafunzi jambo hili muhula baada ya muhula, lakini mzee huyu amelieleza kuliko mimi. Kidonge ni kazi ya kwanza. Safari ni ya pili. Ya tatu ilikuja mwishoni, kwa sauti ya chini: "Nikilowa mbele za watu, uso nitauweka wapi?" Kazi zote tatu zilikuwa zinagombea asubuhi moja, na akachagua. Alichagua kwa akili timamu, akafidia alasiri, akalipa kwa usingizi wake. Hakuna safu ya kuandika hayo kwenye fomu yetu.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba katika nchi zilizoendelea ni karibu nusu tu ya wenye maradhi ya kudumu wanaotumia matibabu kama walivyoelekezwa. Nusu! Kila nikilitazama kadirio hilo najiuliza ndani yake wamo wangapi walio kama mzee huyu, wanaotumia dawa kwa mpango wao wenyewe ambao hakuna aliyewauliza.

Utafiti ninaourudia sana ni wa Barbara Paterson. Alikusanya tafiti za kimaelezo 292 (zinazotegemea masimulizi ya watu badala ya takwimu) kuhusu kuishi na maradhi ya kudumu, akazisoma kwa pamoja, na mwaka 2001 akachapisha alichokiona: mtu haendi kwa mstari ulionyooka kutoka kushtuka hadi kukubali. Anahama. Kuna nyakati ugonjwa unakaa mbele na kuziba kila kitu, na nyakati uzima unakaa mbele na ugonjwa unasogezwa nyuma. Anaweza kuhama kwa sababu ya jibu la maabara, maumivu mapya, au hata neno la muuguzi. Na kila upande una faida na hatari zake. Ugonjwa ukikaa mbele, mtu hujifunza mwili wake na kuomba msaada, lakini anaweza kuzama humo. Uzima ukikaa mbele, anafanya kazi, anapenda, anacheka, lakini anaweza kupuuza dalili.

Jambo hili limebadilisha namna ninavyomsikiliza mama mmoja mwenye kisukari, ambaye kazi yake ni ya kusimama mbele ya watu na kuzungumza. Siku moja sukari ilimshuka akiwa kazini. Jasho, mikono ikitetemeka, maneno yakampotea katikati ya sentensi, na waliomwona wakadhani amelewa. Tangu siku hiyo, kila anapojua atasimama mbele ya watu, huiacha sukari yake ipande. "Mnataka saba," aliniambia, akimaanisha kipimo cha sukari kwenye damu. "Saba naogopa. Kumi napumua."

Anayajua macho, anazijua figo, anaijua miguu. Amesomeshwa yote hayo na anaweza kuyataja kwa mpangilio. Mimi kama muuguzi siwezi kusema kumi ni sawa, kwa kuwa sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa, na hilo halina mjadala. Lakini kumrudia na somo lilelile la madhara ya sukari ni kumjibu swali ambalo hakuuliza. Yeye tatizo lake ni sukari kushuka, na sisi tunamfundisha hatari za sukari kupanda. Anachohitaji ni mpango wa siku ya kusimama mbele ya watu: apime lini, awe na nini mfukoni, nani kazini ajue dalili zake, na je, aina au muda wa dawa yake unaweza kutazamwa upya. Hapo ndipo elimu ya afya ingeanza kumfaa.

Na hapa nafika kwenye jambo linalonikosesha raha katika kazi yangu ya kufundisha. Katika mpango wa uuguzi ambao mwanafunzi huandika, kipengele cha elimu kwa mgonjwa kimekuwa kama salamu, kila mtu anakijaza. "Mgonjwa aelimishwe umuhimu wa kutumia dawa." Nimesahihisha sentensi hiyo mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisoma nikiwa nimefumba macho. Inaandikwa kwa mgonjwa wa juzi na kwa mgonjwa aliyeishi na presha miaka ishirini. Mwanafunzi anapata alama yake, na mgonjwa anabaki na mambo yake.

Siwalaumu. Patricia Benner alionyesha mwaka 1984, kwa kutumia masimulizi ya wauguzi wenyewe, jinsi muuguzi anavyopanda ngazi tano kutoka mwanagenzi hadi bingwa, na kwamba mwanagenzi hushika kanuni kwa sababu bado hana uzoefu wa kushika kitu kingine. Kinachonisumbua ni kanuni tunayompa. Tunampa kanuni ya kusema, ilhali tungeweza kumpa ya kuuliza, naye angeishika kwa nguvu ileile.

Ndiyo maana nilianza zoezi ambalo wanafunzi hulalamikia wiki ya kwanza. Mwanafunzi anakaa na mgonjwa mmoja mwenye ugonjwa wa muda mrefu, ana swali moja la kufungulia, "Nisimulie siku yako ya jana tangu ulipoamka," na hana ruhusa ya kutoa ushauri mpaka simulizi iishe. Akisikia jambo la hatari, anasitisha zoezi na kuja kwangu au kwa muuguzi wa zamu. Usalama wa mgonjwa uko juu ya zoezi lolote. Zaidi ya hapo, asikilize. Wengi huja wakiniambia jambo gumu zaidi lilikuwa kunyamaza. Mwaka 1984 Beckman na Frankel walichapisha uchunguzi wa mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, wakaona kwamba kwa wastani mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18. Wauguzi tunapenda kuamini sisi tuna subira zaidi. Ningependa tujipime kabla ya kusema hivyo.

Binti mmoja wa mwaka wa pili alirudi na daftari limejaa. Alikuwa amekaa na bibi ambaye macho yake yameharibiwa na kisukari. Bibi huyo hutenganisha vidonge vyake kwa vidole: kimoja kina mfereji katikati, kingine ni kirefu, cha tatu kina ngozi laini. Siku duka la dawa lilipompa dawa ileile ya kiwanda kingine, umbo likabadilika na mpango wake wote ukavurugika, akameza kimoja mara mbili. Kwenye faili, kosa hilo lilikuwa limeelezwa kama usahaulifu wa uzee. Binti alipomaliza kunisimulia akaniuliza, "Mwalimu, sasa hili naliandika wapi?" Nikamwambia aliandike kwa kirefu, kisha tukakaa pamoja kutafuta nafasi kwenye fomu. Tuliishia kuandika pembeni.

Kuna utafiti mwingine ninaowapa pale wanapoanza kumwita mgonjwa mkorofi au mjuaji. Sally Thorne na Carole Robinson, mwaka 1989, walieleza jinsi uhusiano wa mgonjwa wa muda mrefu na watoa huduma unavyobadilika. Mwanzo anaamini bila kuuliza. Kisha anavunjika moyo, kwa sababu matarajio yake hayakutimia au hakusikilizwa. Baadaye, akibahatika, anajenga ushirikiano wa tahadhari: anatuamini kwa mambo fulani, anajitegemea kwa mengine. Mgonjwa anayekuja na karatasi ya maswali, anayekataa sindano hadi aone jina la dawa, huenda yuko kwenye hatua hii ya tatu. Amefika hapo kwa gharama. Muuguzi mgeni anayetaka amwamini kama siku ya kwanza anamtaka arudi mahali ambapo tayari aliumia.

Wenzangu hunijibu kwamba muda haupo, na hapo nakubaliana nao zaidi ya wanavyodhani. Linda Aiken na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti wa hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya kuhusu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe, na kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada liliendana na upungufu wa asilimia 7. Nasoma takwimu hizo mbili kwa pamoja. Idadi ya mikono na elimu iliyomo kichwani zote zinahesabika, na anayetutaka tusikilize bila kutuongezea watu anatutaka tubebe visivyobebeka. Hata hivyo, lile swali la jana yako ilikuwaje huulizwa wakati unabadilisha dripu au unafunga kidonda. Mimi nimeliuliza hivyo maisha yangu yote ya wodini.

Upande wa utafiti wenyewe nina wasiwasi ambao sijaupatia dawa. Tunawahoji walio rahisi kupatikana. Wanaosafishwa damu huja mara tatu kwa wiki na kukaa saa nyingi wakiwa wameunganishwa kwenye mashine, kwa hiyo kila mwanafunzi wa shahada huwakimbilia, na wengine wamechoka kusimulia. Asiyeweza kutoka kitandani, anayekosa pumzi ya sentensi nzima, anayemtegemea jirani kumsemea, hao hawamo kwenye nukuu zetu nzuri. Mzee wa kidonge angeachwa nje na watafiti wengi kwa sababu mahojiano yake yalibidi yakatwe vipande vipande, apumzike, tuendelee.

Wiki ijayo tuna kikao cha mtaala. Nitaomba kwamba kwenye mtihani wa vitendo mwanafunzi asipewe alama ya kutoa elimu mpaka aonyeshe amejua mgonjwa tayari anafanya nini, na sehemu ya alama hizo itoke kwa mgonjwa mwenyewe. Wataniuliza mgonjwa atasahihishaje. Nimemwandalia maswali mawili: je, mwanafunzi alikuuliza jambo ambalo wengine hawajakuuliza, na je, alichokushauri unaweza kukifanya kesho ukiwa kwako? Mwenzangu wa wodi ya figo amekubali tuanze kwake, ila kwa sharti moja ambalo nimelipokea kwa moyo wote: wagonjwa waulizwe kwanza kama wanataka kuifanya kazi hiyo, na atakayekataa asiulizwe sababu.