Picha 23 za Mwalimu: nilipofikia

Jumamosi, wiki ya kwanza

Nimezihesabu mara mbili: 23. Kumi na nne amezichora juu ya hadibodi, nane juu ya amerikani iliyowambwa kwenye mbao za masanduku ya matunda, na moja juu ya mlango wa kabati la jikoni, jambo ambalo Mama, mkewe, hajalisamehe hadi leo.

Kwa wasiojua habari: Mwalimu alinifundisha Kemia hapa Nakuru, kidato cha tatu na cha nne. Nilipata D. Nikawa fundi wa kupaka nyumba rangi, na yeye alipostaafu akiwa na miaka 60 akaanza kuchora. Siku aliyonipigia simu nilidhani anataka nimpakie nyumba. Kumbe alitaka masalio ya makopo. "Niletee nyeupe," akasema, "lakini iwe ile yenye titani. Hizo za bei rahisi mnazopakia ploti ni chokaa mmeitia jina." Tangu hapo kila nilipomaliza kazi Milimani au Section 58, robo kopo ilikuwa yake.

Alifariki mwaka jana. Watoto wanataka picha zisafishwe, zipigwe picha kwa kamera, zitiwe fremu, ndipo wagawane. Nimejitolea. Malipo yangu ni chai na mahamri.

Jioni, siku hiyo hiyo

Kazi yenyewe iko mgongoni mwa picha. Nilipoigeuza ya kwanza nilicheka peke yangu. Ni ripoti ya maabara: lengo, vifaa, utaratibu, matokeo, kwa penseli, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni. Nikageuza zote. Zote ziko hivyo.

Hadibodi ya Menengai, kwa mfano. Kuta za kreta ni nyekundu iliyokolea, na nilikuwa nimeapa kwamba ni rangi ya dukani. Siyo. Ni udongo wa manjano aliouchota mahali walipokuwa wakichimba msingi wa nyumba, akauchoma kwenye kikaango juu ya jiko la makaa mpaka ukageuka mwekundu. Manjano ya udongo ule ni kutu ya chuma iliyoshikana na maji. Ukiichoma, maji yanatoka na inayobaki ni oksidi nyekundu. Ameyaandika hayo yote, na chini yake: "Kikaango ni cha Mama. Kirudishwe."

Nyingine ni ya Kariandusi, kule karibu na Gilgil wanakochimba ule udongo mweupe mwepesi kama unga, ambao ni maganda ya silika ya diatomu, vijimea vidogo mno vya majini, waliokufa ziwani zamani sana. Aliusaga akauchanganya na mafuta ya kitani, apate nyeupe yake mwenyewe. Picha nzima imetoka kama imepakwa uji. Mgongoni: "Mafuta yameimeza nyeupe. Silika na mafuta hupinda mwanga karibu sawa, kwa hiyo jicho halioni mpaka. Nilifundisha haya miaka mingi, na bado nimejaribu." Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa akinisumbua na titani. Ile hupinda mwanga zaidi sana kuliko mafuta, ndiyo maana hubaki nyeupe hata ikiwa ndani yake. Miaka yote hiyo nimeuza kazi kwa rangi hiyo na sikujua.

Wiki ya pili

Nimeharibu moja. Niiseme tu.

Ilikuwa na vumbi, nami nikafanya ninavyofanya kwa ukuta: kitambaa chenye unyevu, taratibu, kutoka juu. Nilipokitazama kitambaa kilikuwa cha samawati. Kipande cha anga, ukubwa wa kiganja, kimeondoka. Nikaigeuza, na pale juu kabisa, amepiga mstari mara mbili: "Gundi ya mgunga. ISIGUSWE NA MAJI." Gundi hiyo hata ikikauka miaka kumi, ikikutana na maji inayeyuka. Mtu wa D ni mtu wa D.

Nikaenda jikoni. "Mama, nimeharibu picha."

"Ipi?"

"Ile ya mti na ng'ombe."

Akaendelea kuchambua maharagwe. "Hiyo hata yeye hakuipenda. Lakini wale watoto usiwaambie leo. Waambie wakishashiba."

Tangu siku hiyo: mgongo kwanza, halafu uso. Za gundi nazifuta kwa brashi laini iliyo kavu, basi. Za mafuta na za kiini cha yai zinastahimili zaidi, ila nazo najaribu kwanza pembeni, kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti.

Wiki ya tatu na ya nne

Mvua, na nilikuwa na kazi Naivasha. Nimepiga picha tisa kwa simu, barazani, saa nne asubuhi, kukiwa na wingu. Jua kali linaziwekea mng'ao.

Wiki ya tano

Flamingo.

Hii ndiyo wote wanaitaka. Mwalimu amesimama pale juu ya mwamba wa Baboon Cliff, Ziwa Nakuru liko chini, na ukingoni mstari mrefu wa ndege. Ameuchora jinsi ulivyokuwa tulipokuwa wanafunzi, kabla maji hayajaanza kupanda mwaka 2010 hivi na kulimeza hata lango kuu la mbuga. Maji yalipoongezeka chumvi ikapungua, mwani wanaoula ukapungua, na ndege wengi wakahamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Rangi yao ya waridi inatokana na chakula hicho. Makinda huanguliwa yakiwa ya kijivu.

Na kwenye picha ni wa kijivu pia, kijivu chenye ukahawia. Binti yake akaniambia, "Kaka, warudishie rangi. Wewe si fundi?" Nami nilikuwa na kopo zima la pinki lililobaki kwenye saluni moja. Nilishalifungua.

Halafu nikakumbuka mgongo. "Bitiruti na kiini cha yai. Najua haitadumu. Nataka kujua ni lini." Chini yake jedwali. Miezi 2: imepauka. Miezi 6: inaelekea kahawia. Mwaka 1: kwisha.

Nikalifunga kopo.

Nilipoitoa fremu ya zamani ndipo nilipokaa chini. Pembeni kote, pale ubao wa fremu ulipokuwa umeilalia picha, kuna ukanda wa upana wa ukucha ambao jua halikuufikia. Upande wa kushoto ukanda huo unampitia ndege mmoja katikati: mwili wa kijivu, mkia wa waridi mbichi kabisa, kama ameuchora leo asubuhi. Nikaliona lile jani la kidato cha kwanza tulilolifunika kwa karatasi ya fedha, tukalichemsha kwenye spiriti, tukalidondoshea iodini. Palipopigwa na jua pakawa peusi, palipofunikwa pakabaki kahawia.

Nikamwita Mama aone. Akaangalia muda. "Alikuwa akiifungua hiyo fremu kila mara," akasema. "Nikafikiri misumari imelegea."

Jumatano, wiki ya sita

Nimeipeleka kwa fundi wa fremu. Shida ni kwamba ukanda ule ukiuacha wazi waridi itakufa kama nyingine, na ukiufunika hakuna atakayeuona. Nikamwambia ubao wa kushoto ashikize kwa bawaba, ufunguke.

"Bawaba?" akauliza. "Kwenye picha?"

"Ndiyo. Mbili ndogo."

"Na kitasa uweke?"

"Kitasa hapana."

Akaandika vipimo kwenye kiganja, akaitazama ile picha, akanitazama mimi, akaongeza mia mbili.