Malengelenge tumboni mwa boti yangu kabla ya kuiuza

Nilipoipandisha boti yangu pwani pale Mtwapa kwa maji ya bamvua, nilidhani imebaki kupiga rangi tu na kutafuta mnunuzi. Ni boti ya faiba, yaani plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, ya futi 19, na ilikuwa imefungwa kwenye boya miaka sita bila kutoka majini. Maji yalipopwa nikaona malengelenge zaidi ya 60 tumboni, mengi kama kunde, machache kama sarafu ya shilingi 20. Nikatoboa moja kwa ncha ya kisu. Likaruka jimaji la kunata, linanuka siki. Ukifanya hivyo vaa miwani. Lile jimaji ni asidi, na limebanwa humo kwa nguvu.

Wenye mashua za mbao huzipandisha, wakazipaka shahamu, chombo kikapumzika. Sisi wa faiba tunadhani plastiki hainywi maji. Hunywa polepole, na bahari yenye joto kama yetu huzidisha. Maji hupenya ganda la nje, huyeyusha masalia ya rezini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za faiba, na mchanganyiko huo huzidi kuvuta maji hadi ganda livimbe.

Fundi wa kwanza aliniambia, "Mzee, nipe siku mbili. Puti ya gari, rangi juu, hakuna atakayejua." Nilikataa. Puti ile nayo hunywa maji, na atakayeinunua boti atapakia watu.

Fundi wa pili alichimba kila lengelenge kwa grainda mpaka akafika faiba ngumu. Tukaosha kwa maji matamu asubuhi na jioni, siku kumi, maana asidi ikibaki lengelenge hurudi palepale. Kazi kubwa ilikuwa kukausha. Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma. Nikainua turubai juu upepo upite chini. Ili nijue kama unyevu bado unatoka, kila wiki nilibandika tumboni mwa boti kipande cha nailoni angavu, kingo zote zikizibwa kwa tepu. Wiki ya tatu umande bado ulikuwa ukijikusanya ndani yake. Mnunuzi mmoja akachoka kungoja, akaenda zake, na iliniuma. Wiki ya saba nailoni ilikuwa kavu.

Hapo tukajaza mashimo kwa puti ya epoksi, aina ya rezini inayozuia maji vizuri zaidi, tukapiga msasa, kisha mikono mitano ya epoksi, kila mmoja ukipakwa kabla uliotangulia haujakauka kabisa ili ishikane. Rangi ya tumbo la boti ikaja mwisho.

Aliyeinunua nilimwonyesha picha zote, tangu lengelenge la kwanza. Aliomba nipunguze bei, nikapunguza. Akaizunguka boti akigonga kwa mpini wa bisibisi, anasikiliza kama pana mlio wa uvungu. Alipomaliza akaniomba zile picha abaki nazo.