Siku ya kikao cha wazazi: kutoka alfajiri hadi nilipozima taa

Saa 11:00 alfajiri

Juni ya Dodoma ina baridi yake, ile ya upepo unaopenya chini ya mlango. Niliwasha jiko la mkaa, nikabandika chai, nikakaa na karatasi zangu. Nafundisha Darasa la Nne katika kijiji kimoja wilayani Chamwino. Wanafunzi wangu ni 74, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuonana na wazazi kabla hatujafunga shule.

Kila mtoto nimemwandalia karatasi yenye mistari mitatu: anachokiweza, kinachomsumbua, na swali moja la kumuuliza mzazi wake. Mstari huo wa mwisho ndio ulionila usiku kadhaa. Kumwambia mzazi ni rahisi, kila mwalimu ana maneno ya kumwambia mzazi. Kumuuliza kunadai uwe umemwangalia mtoto kwanza.

Saa 1:00 asubuhi

Watoto walikuwa wanamwagia maji uwanja ili vumbi litulie. Mimi niliingia darasani kupanga. Meza ya mwalimu niliisukuma ukutani, nikaweka madawati mawili pembeni mwa dirisha, ubavu kwa ubavu. Mzazi akikaa ng'ambo ya meza anajiona yuko kituo cha polisi. Tukikaa dawati moja, daftari la mtoto liko katikati yetu na wote tunaliona.

Daftari nilizipanga kwa vitongoji, si kwa alfabeti. Wazazi wa kitongoji kimoja hutembea pamoja, na akina mama watatu wakija pamoja huondoka pamoja. Ndiyo maana pia sikuwaita wote siku moja. Dakika tano kwa kila mzazi, kwa watoto 74, ni zaidi ya saa sita. Vitongoji viwili vilikuja Jumanne na Jumatano baada ya vipindi, leo vilibaki viwili vya mbali.

Saa 3:00

Walianza kuingia, kanga mabegani, wengine miguu ina vumbi la shambani. Huu ni wakati wa kuvuna na kupura uwele na mtama, na mtu aliyeacha kazi hiyo akaja shuleni ametoa kitu. Tarehe tuliichagua baada ya kuwauliza wenyeviti wa vitongoji: isigongane na mnada, isigongane na msiba unaojulikana. Barua za kutuma kupitia watoto zinaishia kufungia karanga. Safari hii tangazo lilisomwa kanisani na msikitini Jumapili na Ijumaa iliyopita, na matokeo tumeyaona.

Nilisimama mlangoni nikasalimia, “Mbukwenyi!” Kigogo changu, lugha ya wenyeji wa hapa, kinakaribia kuishia hapo, lakini wazee huwa wanacheka kwa furaha na mabega yao yanashuka.

Saa 4:00

Kikao cha wote, chini ya mti. Mwalimu mkuu alifungua, mwenyekiti wa kamati ya shule akaongoza, mtendaji wa kijiji akawa anafafanua kwa Kigogo pale palipohitajika. Nilizungumzia Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, ambao Baraza la Mitihani huufanya Oktoba, na kwamba asiyefikia kiwango hukariri darasa. Sikusoma alama ya mtoto yeyote. Miaka ya nyuma niliwahi kushuhudia majina yakisomwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho mbele ya kijiji kizima, na mama mmoja akajifunika uso kwa kanga akaondoka. Hakurudi kwenye kikao tena mpaka mwanawe anamaliza.

Kwenye chakula tulikwama karibu saa nzima. Baba mmoja aliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini achangishwe mahindi na maharage wakati tangu Januari 2016 elimu ni bila ada. Mwenyekiti alijibu kwamba ada imefutwa, lakini chungu cha makande hakijazwi na ada. Alipomaliza, wapishi waliwapakulia wazazi makande yaleyale wanayokula watoto. Mjadala uliendelea, lakini huku watu wanatafuna.

Saa 6:30 mchana

Hapa ndipo siku yangu ilipoanza. Mmoja ndani, wengine nje kwenye kivuli. Nafungua daftari mahali ambapo mtoto amefanya vizuri, namwachia mzazi aguse ule ukurasa. Kisha nauliza swali langu na kunyamaza.

Wa saba kuingia alikuwa bibi. Sitaandika jina lake wala la mjukuu wake.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

Kabla sijafungua daftari alifungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Ilikuwa ripoti ya Machi. Alikuwa nayo tangu Machi.

“Nisomee, mwalimu. Mimi sikusoma. Mtoto nilimwambia anisomee, akaanza kulia, nikaacha.”

Niliikunjua juu ya dawati. Mikunjo ilikuwa imeanza kutoboka, wino umefifia, lakini mwandiko wangu ulisomeka. Maoni ya mwalimu wa darasa: *Ni mvivu, anasinzia darasani. Aongeze bidii.*

Ningeweza kuliruka lile neno na hakuna ambaye angejua. Nililisoma kama lilivyo, kwa sababu ni mimi niliyeliandika.

Bibi alikaa kimya. Akaangalia nje dirishani, akasema taratibu, “Mvivu, hapana.”

Kisha akaniambia. Magoti yake hayabebi tena ndoo. Mtoto anaamka saa kumi za usiku, anakwenda korongoni na dumu la lita 20. Mchanga umeshaanza kukauka, inabidi afukue shimo, akae angoje maji yajikusanye, ayachote kwa kopo, kopo baada ya kopo. Akirudi anakwenda tena. Akitua dumu la pili ndipo anavaa sare. Na mimi saa mbili kipindi cha Hisabati nikimwona amelaza kichwa, nagonga dawati lake kwa rula.

“Bibi, nisamehe,” nilimwambia. “Niliandika kabla ya kuuliza.”

Alinishika mkono, akaniuliza kama mtoto anaweza kusoma. Nikafungua daftari lake la Kiswahili, insha ya mbuzi aliyepotea, nikamsomea yote. Alicheka pale mbuzi anapopatikana jikoni kwa jirani.

Nikamwomba ruhusa nimwite mama mmoja wa kitongoji chao aliyekuwa anasubiri nje, maana ana punda wawili. Hatukuchukua hata dakika kumi. Punda wake huenda korongoni kila jioni, madumu mawili zaidi hayatamlemea. Mtoto atasaidia kufukua na kupakia baada ya shule, na alfajiri atalala.

Saa 10:00 jioni

Wa mwisho aliondoka. Niliandika tuliyokubaliana na kila mmoja kabla sijasahau, nikarudisha meza mahali pake.

Saa 3:00 usiku

Ripoti za Juni nilikuwa nimeshazijaza zote, zilikuwa zinangoja kugawiwa. Nilizipitia moja moja chini ya taa. Lile neno nililikuta kwenye ripoti nne.

Ya mjukuu wa bibi niliichana, nikajaza fomu mpya: *Anaandika insha nzuri sana. Tumezungumza na bibi yake kuhusu usingizi.* Zilizobaki tatu niliziweka kando bila kuzijaza upya. Mzazi mmoja nilionana naye Jumanne na sikumuuliza mtoto analala saa ngapi. Wawili hawakufika kabisa. Wote wako upande wa pili wa reli, na Jumatatu baada ya vipindi nitakwenda huko kwa miguu, karatasi mkononi, mstari wa tatu ukiwa na swali jipya.