Shimo la 11, St Andrews

Wengi wanaokwenda kucheza gofu St Andrews, kule Uskoti, huwa na hamu ya shimo la 17, au kile kidaraja cha Swilcan ambapo kila mgeni husimama kupigwa picha. Mimi nililitaka la 11. Ni fupi, yadi 174, mikwaju mitatu ukicheza ipasavyo, na nyuma ya grini, lile eneo la nyasi fupi lenye bendera, kuna mlango wa mto Eden na upepo tu. Kushoto liko banka la Hill, shimo la mchanga lenye ukuta mrefu. Mbele kulia liko la Strath. Kwenye shimo hili la 11 ndipo Bobby Jones, mchezaji maarufu wa Marekani, mwaka 1921, alipokata tamaa katika raundi ya tatu ya Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, akajitoa. Mwaka 1927 alirudi uwanja huohuo akatwaa kombe.

Siku niliyocheza, upepo ulitoka Eden ukitujia usoni. Kedi wangu, yaani mbeba fimbo zangu, mzee wa makamo, alinipa fimbo nzito kuliko niliyoomba, akaniambia nipige chini chini. Mpira ulikwenda karibu na ardhi, ukadunda kabla ya grini, ukapita kando ya Strath na kusimama chini ya bendera. Utamu wa viwanja vya pwani ni huo: ardhi ya mchanga ni ngumu, inaupokea mpira na kuuendeleza, hata nusu ya mkwaju huwa imepigwa na ardhi yenyewe.

Tukiwa kwenye grini akanionyesha pembe ya nyuma, kushoto. Mteremko wa pale ulipunguzwa katika kazi iliyoanza mwishoni mwa 2012, chini ya msanifu Martin Hawtree, kuutayarisha uwanja kwa Open ya 2015. Lengo lilikuwa kupata sehemu zaidi za kuweka bendera. Kedi aliiunga mkono kazi hiyo. Mimi sikuiunga, nikamwambia.

Mteremko ule ulikuwapo wakati wa Jones. Kilichobadilika ni mashine za kukatia nyasi. Siku hizi grini hukatwa fupi mno, mpira unateleza, halafu lawama inaangukia mteremko! Na hata baada ya kuchonga, Jumamosi ya Open ya 2015 upepo ulisogeza mipira kwenye grini, mchezo ukasimama kwa muda wa zaidi ya saa kumi. Grini zilizo wazi kwa upepo zingeachiwa nyasi ndefu kidogo, ardhi isingehitaji kuguswa.

Mzee akanijibu kwamba uwanja huu haujawahi kukaa bila kuguswa. Mwaka 1764 mashimo 22 yalipunguzwa yakawa 18, na grini ya 18 ilitengenezwa na Tom Morris, mtunza uwanja wa karne ya 19. Kweli kabisa, nikasema, lakini Morris hakuwa akiifuata mashine. Hapo alinyamaza kidogo, kisha akasema wachezaji wakubwa wangelalamika grini zikiwa za polepole. Huenda. Bado ningewaacha walalamike.

Tulihamia la 12 tukiwa bado tunabishana. Ukisimama pa kuanzia huyaoni mabanka yake, kwa sababu zamani uwanja ulichezwa kwa kuzunguka upande wa pili, na wa upande huo waliyaona vizuri. Akaniuliza kama hayo yafukiwe, ili mgeni asionewe. Nilikataa kabla hajamaliza swali, naye akasema hilo hata yeye asingelikubali.