Vile tulirekodi bendi yetu na maiki moja tu

Bendi yetu ni ya watu watano, tunapiga jazz, mimi niko tarumbeta halafu kuna saksafoni, kibodi, besi na drumsi. Mwaka jana tuliingia studio moja hapa tao, unalipa kwa saa, na prodyuza akataka kila mtu aingie peke yake apige akifuata mdundo wa kompyuta kwa hedifoni. Masaa sita, wimbo mmoja, na hauna uhai kabisa! Jazz ni kujibizana jamani, wa saksafoni ananiuliza mimi namjibu, sasa nitamjibu aje na hayuko?

Pesa ikaisha. Hapo ndio nikaanza kusoma vile wazee walikuwa wanarekodi. Aprili 1923 bendi ya jazz ya King Oliver ilirekodi kwa kampuni ya santuri ya Gennett kule Richmond, Indiana, Marekani, maiki hakuna, wote wanapigia pembe kubwa inayokusanya sauti mpaka kwa sindano inayochora kwenye nta. Louis Armstrong, aliyekuwa kwa hiyo bendi, alikuwa na miaka 21 na koneti yake (ndugu mdogo wa tarumbeta) ilikuwa inafunika wenzake, ikabidi asimamishwe nyuma kabisa mbali na pembe. Hiyo niliisoma mara mbili mbili. Kumbe umbali ndio miksi, ndio unasawazisha sauti za kila mtu!

Basi tukaomba ukumbi wa kanisa huku Umoja, Jumatatu jioni. Maiki moja katikati, kibodi karibu nayo, besi kando kidogo, drumsi ukutani na apige na brashi, mimi nikasimama mlangoni. Tunapiga, tunasikiliza, mtu anasogea hatua mbili, tunapiga tena, kila mahali tunachora chaki sakafuni, na wa saksafoni alikuwa na alama mbili, ya mbele wakati wa solo na ya nyuma akimaliza. Hiyo tu ilikula masaa mawili lakini ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Santuri za wakati huo zilibeba kama dakika tatu kila upande, nasi tukajiwekea hizo hizo tatu. Iliniuma, solo yangu ya baa 32 (baa ni kipimo cha mdundo) ikabaki 16, lakini sijawahi kupiga 16 tamu kama zile.

Saa nne usiku tulikuwa na nyimbo nne. Kwa ya tatu kuna honi ya matatu inaingia pale tu drumsi inanyamaza. Nikauliza kama turudie, wa besi akasema wacha ikae hivyo, tukaiacha.